Nyuzi za Nafula

Ajuaye kwamba hajui, akauliza, huyo ameshapiga hatua ya kwanza. Nafula aliliamini hilo kama alivyoamini kuwa jua la Diani huchomoza upande wa bahari.

Mwaka wa tisini na saba, hoteli moja ya hapo ilimpa kazi ya kutunga programu ya kompyuta ya kupanga wageni. Badala ya kuketi mbele ya mashine, binti huyo wa Bungoma alishinda akizunguka mapokezi, kwa madobi na kwa wahasibu. Kila haja aliyotajiwa aliiandika kwenye kadi, akaibandika ukutani, kisha akaziunganisha kwa uzi kadi zilizotegemeana.

"Bi Nafula," meneja Trevor alimwambia, uso kaukunja kama ndimu iliyokauka, "nimeajiri mtaalamu au mwanafunzi? Watalii wanakaribia, nami naona utando wa buibui. Msimu ukianza bila programu, nitatafuta mwingine."

Maneno yalimchoma, lakini hakuyumba. Akaenda jikoni kwa Jumwa, mpishi mkuu.

"Shikamoo, mama. Mgeni akihamishwa chumba, nyinyi hujuaje?"

"Marahaba, mwanangu. Hatujui," Jumwa akajibu. "Mwaka jana mgeni anayedhuriwa na njugu alihamishwa, akapelekewa chakula cha mwenziwe. Aliponea chupuchupu."

Nafula akarudi ukutani, akavuta uzi kutoka kadi ya vyumba hadi kadi ya jikoni. Aliitunga programu kwa kuzifuata nyuzi zile, akaimaliza msimu ukibisha hodi.

Mvua ya mwaka ule ilikuwa ya kutisha. Siku moja paa la upande mmoja wa hoteli likavuja, wageni wakahamishwa mbio mbio. Miongoni mwao alikuwamo mtoto ambaye njugu kwake zilikuwa sumu. Karani alipobadilisha chumba chake, mashine ya kuchapa iliyounganishwa jikoni ikatoa papo hapo karatasi yenye chumba kipya pamoja na onyo. Jumwa akaiwahi mlangoni mwa jiko sahani ya kuku wa mchuzi wa njugu iliyokuwa ikipelekwa chumba hicho.

Trevor alipopata habari, aliwakusanya wafanyakazi wote.

"Nilidhani hajui kazi kwa kuwa anauliza," akasema. "Kumbe kuuliza kwenyewe ndiko kulikuwa kazi. Bi Nafula, niwie radhi."

Jumwa akapiga vigelegele. Nafula alisimama wima, moyo umemjaa fahari. Ama kweli, kuuliza si ujinga.