Lijamu ya Liwali

Liwali Ghalib alikuwa na mkono mzito, na farasi wake alikuwa na kinywa laini. Siku moja, mbele ya watu barazani, farasi akiwa amefungwa hapo nje, alimwita Bi Mize, mshona ngozi.

"Nitafutie lijamu isiyomuumiza. Akitoka damu tena, punda wako namchukua."

Bi Mize akaleta moja, chuma cha kutia kinywani chenye hatamu pembeni. "Farasi hasemi, bwana. Ijaribu wewe, utuambie."

Watu wakacheka. Liwali, asionekane mwoga, akakiuma kile chuma. Bi Mize akashika hatamu.

"Inauma?" Akavuta kulia, akavuta kushoto. Kichwa cha Liwali kikakataa.

"Basi kwa kazi hii, wanipa farasi?" Akavuta chini, mara mbili.

"Mmm! Mmm!"

"Jamani, mmeona kakubali!"

Akaondoka na farasi, kamfunga kamba shingoni tu. Lijamu aliiacha palepale ilipokuwa.