Tembo Asiyejua Lugha ya Kasri

Hapo zamani, katika nchi ya Nepali, kwenye tambarare zilizo chini ya milima ya theluji, alikuwako mfalme aitwaye Ranabir, mwenye masikio mepesi kuchoka. Kila akipita sokoni, huyu anasema Kitharu, yule Kimaithili, wa mlimani Kitamang, na kila kijiji kina lafudhi yake. Basi akakasirika, akapiga mbiu: kila chenye pumzi katika milki yake kiseme na kisemeshwe lugha ya kasri peke yake, atakayekaidi ni gerezani.

Siku ya tatu akakamatwa bibi kizee Budhni, muuza konokono, kwa kunadi kwa Kitharu, lugha pekee aliyoijua. Mwanawe Lautan alikuwa mchunga tembo wa mfalme, fukara asiye na hata viatu. Akaenda kumwombea mama yake. Mfalme akajibu kuwa sheria haina mama, kana kwamba yeye alizaliwa na sheria. Lautan akainama, akasema amesikia, naye ataishika sheria hiyo kuliko mtu yeyote.

Ikawa siku ya sikukuu, mfalme akampanda tembo wake, Rupkali, mbele ya watu wote. Na desturi ya tembo wa huko ndiyo hii: hufundishwa kwa Kitharu tangu wadogo, wala hawajui neno jingine. Lautan akakaa shingoni, akakunja miguu yake asimwongoze kwayo, akanena kwa lugha ya kasri:

"Ewe tembo mtukufu, ikikupendeza, twende kushoto."

Rupkali akaenda kulia. Akaingia shamba la miwa la waziri, akala akashiba, kisha joto likamshika, akashuka mtoni.

"Msimamishe, mpumbavu wewe," akasema mfalme, maji yakimfika magotini.

"Nimemwambia, Bwana wangu, kwa lugha yako tukufu. Mnyama huyu ni mwasi. Tumfunge?"

Maji yakafika kiunoni. Watu ukingoni wakaziba vinywa vyao kwa mikono.

"Mwambie kwa lugha anayoijua."

"Nami nifungwe kama mama yangu? La, Bwana wangu, mimi ni mtu wa sheria."

Basi Rupkali akaanza kulala ubavu, kama tembo waogavyo. Mfalme akakumbatia nguzo ya kiti chake kilichofungwa mgongoni mwa tembo, akapaza sauti hata ng'ambo wakamsikia: kila mtu aseme lugha yake, na waliofungwa watoke leo hii.

Lautan akatamka neno moja la Kitharu. Rupkali akasimama, akapanda ukingoni, akapiga magoti, mpole kama kondoo.

Mfalme akashuka, kilemba kimemwangukia usoni. Watu wakangoja hasira. Yeye akacheka hata akakaa chini matopeni. Akaletwa Bibi Budhni, naye akashika kiuno kwa mkono mmoja, akammwagia mfalme Kitharu bila kuvuta pumzi. Mfalme akauliza bibi huyu anasema nini.

"Anakushukuru, Bwana wangu," akasema Lautan.

Mfalme akakamua ndevu zake. "Mbona shukrani yenyewe inaninyoshea kidole?"