Kitambaa Kilichoangukia Mchangani

Akina mama, mwenye chungu jikoni avumilie kidogo. Mfano wenyewe si mrefu.

Alikuwepo mama mmoja mwenye gari jeusi. Halikuwa gari la kifahari. Lilikuwa na umri mkubwa, viti vilishashonwa upya, na mlango mmoja wa nyuma ulifunguka kwa nje tu. Lakini rangi yake iling'aa, ukiinama unaona meno yako. Ni hiyo rangi iliyoleta maharusi. Kila Jumamosi mama yule alilikodisha, na sare za shule za wanawe zilitoka kwenye boneti ile. Anayetafuta gari la harusi haangalii injini, anaangalia picha zitakavyotoka. Mama alijua hivyo, na alijua pia kwamba siku rangi itakapochubuka, maharusi watahamia kwa mwingine na yeye atabaki na gari la kubebea mkaa.

Ninyi mnaoosha magari pale nyumbani mnaweza kudhani gari hukwaruzwa barabarani. Jeusi hukwaruzwa nyumbani, tena wakati wa kukausha. Maji ya kisima cha mtaani kwake yalikuwa na chumvi. Yakiachwa yakaukie juani yanaacha madoa meupe kama chokaa, kwa hiyo lazima yafutwe upesi. Yafutwe kwa kitu gani? Hapo ndipo mama alipokuwa mkali. Taulo la kuogea alilikataa, jua la kwenye kamba lilikuwa limelikakamaza. Shati kuukuu alilikataa kwa ajili ya vifungo na mishono. Kanga mpya aliikataa kwa kuwa bado ina wanga na hainywi maji. Alikuwa na kitambaa kimoja cha kazi hiyo, kinene, laini, chenye vinyweleo vinavyonyonya maji. Alikitandaza juu ya bati na kukivuta taratibu, bila kusugua. Kitambaa hicho hakikufuta kiti wala hakikufuta mikono ya mtu.

Sasa mama huyu alikuwa na shemeji, mdogo wa mumewe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mcheshi, mwenye kupenda watu, na wageni wakija alipenda aonekane yeye ndiye msimamizi wa mambo. Wakati wa Pasaka, wageni wakiwa uani, alikiangusha kile kitambaa mchangani, akakiokota, akakipiga pajani, akaendelea kufuta. Mama aliona. Akanyamaza kwa heshima, maana ni shemeji na watu wanatazama. Jua lilipopiga boneti, mikwaruzo ilikuwa imezunguka kama utando wa buibui. Fundi aliisugua rangi siku nzima, na Jumamosi mbili gari halikutoka. Na mnajua shemeji alisema nini?

"Sasa shemeji, si ungesema?"

Tulieni hapo kidogo. Aliyeharibiwa ndiye aliyelaumiwa kwa kunyamaza. Ni jambo geni kwetu hilo?

Ikaja Jumamosi nyingine. Gari limeoshwa, linachuruzika maji, jua linapanda. Geti likafunguliwa, wakaingia watu wa harusi na vigelegele, wamebeba riboni za kupambia, na mbele yao shangazi wa bibi harusi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuendesha mkutano. Shemeji kuwaona tu, akachukua kitambaa mikononi mwa mama.

"Niachie, shemeji. Hii kazi ya wanaume."

Akafuta paa, akamaliza vizuri. Akageuka kumwamkia shangazi kwa mikono miwili, na kitambaa kikateleza hadi mchangani. Akakiokota, akakipiga pajani mara kadhaa, akaielekea boneti.

"Shemeji, simama hapo hapo," mama akasema.

"Kuna nini tena?"

"Kitambaa kimeanguka."

"Si nimekikung'uta? Hukuona?"

"Nimeona. Kilete."

Shemeji akacheka, akawageukia wageni. "Mnaona ninavyoteseka humu? Gari lina masharti kuliko dawa ya mganga."

Wanawake wakacheka pamoja naye. Shangazi akamsogelea mama na kumshika bega. "Mwanangu, ni mchanga kidogo tu. Usimwaibishe shemeji yako mbele za watu. Padri anatungoja."

"Shangazi, shemeji akishakula pilau jioni atakuwa amesahau. Rangi ya gari haiponi kwa pilau."

"Kwa hiyo humwamini?"

"Simsemi yeye. Nasema kilichobaki ndani ya kitambaa."

Shangazi akafungua mkoba, akatoa kanga ya zawadi ikiwa bado na mikunjo ya dukani. "Haya, futa na hii yaishe. Mpya kabisa, haijaguswa na maji."

"Ndiyo maana siitaki."

Kicheko kikaisha. Shangazi akaikunja kanga yake polepole. "Basi tutatafuta gari lingine."

Mama akamtazama. Siku hiyo alikuwa ameamka alfajiri, amepika, ameteka maji, ameosha gari, na hakuwa na nguvu ya kubembeleza mtu. "Geti liko wazi, shangazi. Mkirudi mtanikuta hapa hapa, nafua."

Akakichukua kitambaa mkononi mwa shemeji. Akavuta beseni jeupe, lile la bati lenye ua limechorwa chini, akalijaza maji. Akamwambia shemeji, "Wewe mwagia gari maji ya mvua yaliyo kwenye pipa, lisikauke. Hiyo kazi nakuamini nayo."

Akakichovya kitambaa, akakifikicha, akakiinua. Maji yalipotulia, mchanga ukashuka chini ya beseni, ua likafunikwa nusu.

"Shangazi, njoo uone kilichokung'utwa."

Shangazi akainama, akatia mkono, akausugua ule mchanga kati ya vidole. Alikuwa na shanga za bei shingoni na alijua kitu kinachokwaruza. Mama akamwaga, akaweka maji mengine. Mchanga ukapungua, haukuisha. Akamwaga tena, akaweka sabuni, akasuuza, akamwaga. Watu wa harusi walikuwa wameketi kwenye ngazi sasa, hakuna aliyepiga kigelegele. Hakuacha mpaka alipoliona ua lote chini ya beseni, petali kwa petali, bila punje moja juu yake. Ndipo akakikamua kitambaa, akakitandaza kwenye boneti, akakivuta.

Harusi ilichelewa. Padri alinung'unika. Bibi harusi alifika mlangoni mwa gari, akajitazama kwenye boneti, akarekebisha shela, akaingia. Shemeji hakwenda, alijifungia ndani na redio, na mpaka leo anamwamkia mama yule kwa mkato. Gari halina mkwaruzo.

Akina mama, mnadhani nimesimama hapa kuwafundisha kukausha magari?

Baada ya ibada tuna kikao. Jina silitaji, wote mnalijua. Mwenzetu ametoka kwa mumewe na watoto wawili, na anapoimba kwaya siku hizi anaziba mdomo kwa kiganja, tunajua anaficha pengo la jino gani. Mume amekuja Jumapili mbili. Ameketi benchi la mbele, amelia, ameomba radhi. Sisi tumefurahi. Tumeshaandaa na maneno: samehe, rudi leo, usimwaibishe mwenzako mbele za watu. Hayo maneno ni ya nani? Si ya shangazi mwenye riboni? Sisi ndio tuliokuja kwenye geti la mtu na vigelegele vyetu, tunataka picha ya ndoa itoke vizuri, tena haraka.

Machozi ya benchi la mbele ni kupiga kitambaa pajani. Kinaonekana safi. Wote tunaona vumbi likiruka na tunasema basi, yameisha. Kilichobaki ndani nani amekiangalia?

Mtaniambia Mungu husamehe. Husamehe, wala sibishani. Hata mama yule hakukitupa kitambaa. Alikifua, na kikarudi kazini siku ile ile kwa sababu ulikuwa mchanga tu. Lakini kwanza beseni, halafu boneti. Sisi tumezoea kugeuza. Tunakirudisha kitambaa na mchanga wake, na mikwaruzo ikitokea tunaiambia boneti ivumilie. Tukiona imechakaa tunaiuliza, si ungesema?

Amesema. Mwaka jana alisema, na tulimpa kanga mpya tukamrudisha.

Kwa hiyo kwenye kikao cha leo, mtu asimuulize dada yule kama amesamehe. Hilo ni lake na Mungu wake. Tumuulize mume. Pombe ameiacha, nani ameshuhudia? Amekubali kukaa kwa kaka yake wakati maji yanabadilishwa, au anataka boneti leo leo? Tukimwaga maji ya kwanza, atakuwepo tukiweka ya pili? Akikasirika kwa maswali, na tuuone huo mchanga sasa, chini ya beseni, kabla haujafika kwenye mwili wa mtu.

Mpaka tutakapoliona ua, dada yetu na watoto hawaendi popote. Wazee wa kanisa wanaotuharakisha, geti liko wazi. Wakirudi watatukuta hapa hapa, tunafua.