Mkono Usioshika Wembe

Mkono unyoao ndio usioshika wembe.

Jana mlikuwa mnamsifu yule kijana aliyepanda ngazi akipaka rangi mnara wa msikiti. Mimi nikamtazama mwenzake wa chini, aliyeikumbatia ngazi, nikasema maneno hayo. Mkacheka, mkaniuliza nimeyatoa wapi. Basi kaeni. Methali hii ilianza hivi, kama nilivyosimuliwa na mama mkwe wangu Tausi, Mungu amrehemu.

Zamani hapa Ujiji alikuwapo mama mmoja, Bi Nyamizi. Kazi yake ilikuwa kuwanyoa watoto wachanga nywele walizotoka nazo tumboni, siku ya akika, ya saba tangu kuzaliwa. Wembe wake ulikuwa wa kukunja, wa mpini mweusi, na aliunoa kwenye ukanda wa ngozi kila Alhamisi. Vichwa vya mtaa mzima vilipita mikononi mwake, na hapana mama aliyesema mwanawe alitoka damu.

Uzee ukaja, macho yakaingia ukungu. Akaanza kumfundisha mkaza mwanawe, Havijawa.

Havijawa alijifunzia kwenye mamumunye machanga, yale yenye vinyweleo laini. Analibana mumunye kwa magoti, analipaka povu la sabuni, ananyoa vinyweleo bila kukwaruza ganda. Mwanzoni yalitoka yamechanjwachanjwa, yakaenda chunguni.

"Leo tena mumunye?" mumewe akauliza.

"Niombee nijue upesi, baba, la sivyo utaota majani."

Mkono ukatulia. Mamumunye yakawa yanatoka laini kama shavu. Na kila mama mkwe wake alipokwenda kunyoa, Havijawa alifuatana naye, macho kwenye wembe, maana ndio uliong'aa.

Sasa, Tausi alikuwa amezika watoto wawili, wote kabla ya kufika siku ya kunyolewa. Huyu wa tatu, ambaye siku ya akika yake ilikuwa imefika, ndiye wa kwanza kuuona wembe. Alimpakata kama mtu aliyebeba maji kiganjani. "Tone moja la damu likimtoka," alisema, "nami nimekwisha."

Bi Nyamizi akaukunjua wembe, akauelekeza penye mwanga, akaukabidhi kwa Havijawa. "Leo hata mtoto mwenyewe simwoni. Shika."

Bibi wa mtoto, mzaa baba, aliitwa Chausiku, na ulimi wake haukujua kupumzika. "Haya, fundi wa mamumunye! Lakini huyu wetu hapikwi, eti."

Havijawa akapiga Bismillahi. Akalowesha nywele, akapaka povu, akaanza. Mara ya kwanza wembe ukapita salama. Mara ya pili, mtoto akageuza kichwa. Wembe ukaruka. Mstari mwekundu ukajichora juu ya sikio. Damu haikutoka, lakini Tausi alikwisha kumvuta mwanawe kifuani.

"Basi! Abaki na nywele zake!"

Bi Nyamizi hakuinuka pale alipokaa. "Nimesikia wembe umekatika sauti. Havijawa, mkono wako wa kushoto uko wapi?"

Mkono ulikuwa nyuma, umefichwa ndani ya kanga.

"Mama, ni wa kushoto. Hata chumvi simpi mtu kwa mkono huu. Niuweke juu ya kichwa cha mtoto, siku ya akika yake?"

"Kweli kabisa," Bi Chausiku akadakia. "Mkono wa chooni huo!"

"Na mjukuu wako akijinyea, Chausiku, unamwosha kwa mguu?" Bi Nyamizi akamuuliza.

Watu wakaangua kicheko, hata Tausi midomo ikamcheza. Bi Nyamizi akashusha sauti. "Mkono wa kushoto umekatazwa kutoa, mwanangu. Kushika haukukatazwa. Mumunye haligeuki wala halipumui, ulilibana kwa magoti ukadhani umemaliza kujifunza. Uoshe mkono, mwekee kichwani. Wembe usitembee mpaka mkono huo ukwambie."

"Mkono utaniambia nini?"

"Weka."

Tausi akasita. Kisha, polepole, akamrudisha mtoto mapajani.

Havijawa akaweka kiganja. Utosi ukapiga chini yake, tup, tup, laini, bila mfupa. Uhai uliofunikwa na ngozi tu. Subhanallah. Akabaki hivyo, hapumui. Halafu akasikia shingo ya mtoto ikijikaza kidogo, kabla kichwa hakijageuka, na mkono wa kushoto ukakipokea, ukatuliza, ukavuta ngozi. Wembe ukafuata nyuma yake, kama ndama nyuma ya mama. Hapo ndipo alipojua jinsi mwanamke mwenye ukungu machoni alivyoweza kuendelea kunyoa.

Bi Chausiku mdomo ulikuwa wazi, ila hamna kilichotoka.

Kichwa kilipobaki kitupu, Tausi alikipapasa chote kwa ncha za vidole. Akavitazama vidole. Maji matupu. Akalia, machozi yakamdondokea mtoto utosini.

Bi Chausiku akauvuta mkono wa kushoto wa Havijawa mbele ya watu wote, akaubusu. "Kumbe mkono unyoao ndio usioshika wembe!" Mtaa ukalichukua neno hilo.

Mtoto yule alikuja kuwa mume wangu. Alipofariki nilimwosha mwenyewe, kama dini inavyoruhusu. Nilikishika kichwa chake kwa mkono wa kushoto, nikamimina maji kwa wa kulia, nikautafuta ule mstari juu ya sikio. Haukuwapo. Ngozi ilikuwa nzima, kama Mola alivyoileta. Basi nami nikasema, kwa sauti ndogo ili nisimsumbue: mkono unyoao ndio usioshika wembe.