Pimbi Aliyetaka Kulindwa Kama Tembo

Masikio yapo? Yapo! Yana nafasi? Tele! Basi sogeeni, umbea huu ni wa wanyama.

Hapo zamani za kale Pimbi aliishi mwambani na ukoo wake. Kila asubuhi walibanana kuota jua, mmoja akishika zamu ya kupiga yowe tai akitokea.

Pimbi na Tembo ni ndugu. Wa mbali, lakini ndugu. Undugu huo ndio uliomkaanga Pimbi roho.

"Jamani, mmemwona Tembo?" aliwauliza dada zake. "Askari wawili nyuma wanamlinda! Mkufu shingoni! Na jina wamempa, Nasieku! Mimi nimekosa nini?"

"Shoga, ota jua," wakamwambia.

Haoti! Siku ya kwanza akamfuata Tembo mtoni, akakodoa macho. Siku ya pili akamfuata malishoni, akasonya. Siku ya tatu kijicho kikamzidi, akamwuliza askari, "Na sisi je?"

"Nyie mko tele," askari akacheka. "Tunalinda wanaokwisha."

Ahaa! Pimbi akarudi mbio. "Chui! Chui! Ingieni mashimoni!" Wote wakajificha. Askari alipopita, akamkuta peke yake, machozi ya kujikamulia.

"Tumekwisha, baba. Nimebaki mimi."

Askari akamhurumia. Akamjengea uzio, akamvisha mkufu, akamwita Tunu.

Siku ya kwanza Tunu alitamba. Siku ya pili aliota jua peke yake, baridi ikampiga mbavuni. Siku ya tatu tai akatua juu ya uzio. Askari yuko mlangoni, anatazama nje. Nani apige yowe?

"Wenzio wako wapi, bibie?" tai akauliza, akikunjua kucha.

"Ndugu yangu Nasieku, nakufa!"

Tembo alikuwa akipita. Akausukuma uzio, ukalala chini. Tai akaruka.

"Kumbe unanionea wivu?" Tembo akasema. "Nilikuwa na mama na mashangazi saba. Wameuawa wote kwa ajili ya meno yao. Askari hawa walikuja baada ya msiba. Wewe una wa kubanana nao, ukawaficha!"

Pimbi akakimbia mpaka mwambani.

"Karibu, Tunu!" dada zake wakamcheka. "Askari umewaacha wapi?" Lakini wakasogea, wakamweka katikati.

Basi, wanangu, kabla hujamwonea mtu wivu kwa alichopewa, uliza kwanza alichopoteza.

Mimi nimemaliza. Atakayeongeza chumvi, aongeze kwao.