Pimbi, Nyati na Mbegu za Tufaha

Hapo zamani za kale, enyi msiotulia, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kupigiana hodi, Nyati aliishi juu milimani kwenye baridi. Alikuwa na chemchemi, ya pekee mlima mzima, na hakumpa mtu hata tone.

Kiangazi kikaja. Wana wa Pimbi wakakaukwa midomo. Basi Pimbi, yule mdogo wa kwenye mawe, akafika na tufaha jekundu.

"Hodi, mzee! Onja."

Kakacha! Utamu ukampanda Nyati mpaka kwenye pembe. "Lo! Nipe mti wake!"

"Mti hautembei, mzee wangu. Chukua mbegu za hilohilo tufaha. Nami na wanangu tunywe maji yako, mpaka siku mbegu zako zitakapozaa tufaha kama hili."

Nyati akacheka moyoni. Miaka michache tu, kisha anawatimua! Wakaapa mbele ya majirani, na huko mlimani mvunja kiapo hasalimiwi tena, hata na mwanawe.

Nyati akapanda. Miaka ikaenda, miti ikazaa. Mmoja matunda ya manjano. Wa pili ya kijani, machachu, masikio yakamsimama tii! Wa tatu madogo kama gololi. Wa nne unga mtupu mdomoni.

"Kha! Si mbegu za tunda moja hizi? Mke wangu, nimepanda nini mimi?"

"Unaniuliza mimi?"

Akapanda tena, shamba zima. Matunda ya kila rangi, ila lile jekundu tamu, wapi! Kichwa kikamzunguka. Na kule chemchemini, gugugu, gugugu, Pimbi anakunywa.

Siku moja uvumilivu ukamwisha. "Pimbi! Umeniloga!"

"Nikuloge kwa lipi? Wanao wamefanana nawe, mzee?"

Nyati akawaza. Mkubwa mkali kama yeye, sawa. Wa kati anaogopa vyura. Kitinda mimba mpole mno, hajui kamtoa wapi. "Hapana," akakiri.

"Na mbegu ndivyo. Kila moja ni mtoto, ana yake."

"Sasa mti wako uliupataje?"

"Nilikata kijiti cha mti wa bibi yangu, nikapasua shina la mti mchachu, nikakichomeka humo na kukifunga. Vikashikana, kijiti kikazaa yaleyale ya bibi."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza?"

Pu! Nyati akakaa chini. Hakujua akasirike au acheke, maskini. "Basi nipe hicho kijiti."

Pimbi akapangusa maji mdomoni, akatoa tufaha jingine jekundu. "Nitakupa, mzee wangu. Ila kwanza uape upya, mbele ya majirani walewale: chemchemi hii ni ya mlima mzima, milele."

Nyati akatazama chemchemi. Akatazama tufaha jekundu mkononi mwa Pimbi. Mate yakamdondoka, akaapa.

Nami nimefika mwisho, mwenye meno na atafune: mwenye nguvu asiyeuliza hupanda shamba zima akavuna maswali.