Sultani Aliyeomba Njia

Hapo zamani, magurudumu yalipokuwa bado mageni machoni pa watu, palikuwa na mji uitwao Mbanoni, nao ulikuwa na watu wengi kuliko njia zake. Vichochoro vyake vilikuwa vyembamba hata mtu akikaanga pilipili, jirani wa ng'ambo ndiye apigaye chafya. Basi baiskeli zilipoingia humo ikawa taabu. Waendao kwa miguu walisimama katikati ya njia wakapeana habari za ukoo mzima, na wapandao baiskeli walikata kona mbio, kengele wakaipiga wakisha kumgonga mtu. Kila upande uliapa kwamba njia ni yake, na mimi nasema wote walikuwa wakaidi.

Katika mji huo aliishi Vuai, fukara asiyekuwa na mali ila baiskeli moja nyeusi. Kazi yake ilikuwa kuchukua mikate katika tanuri la Bi Mwanaiki na kuipeleka majumbani, hata katika jumba la Sultani Ghalibu. Wengi walimwona punguani, kwa kuwa akiambiwa neno hulitenda kama lilivyosemwa, wala haongezi wala hapunguzi.

Siku moja Vuai akakata kona kwa kasi, akamvaa Waziri Mundhiri, na Waziri akaketi ndani ya pakacha la mapapai mabivu. Mwili haukuumia. Heshima ndiyo iliyoumia, nayo iliumia sana. Akaenda moja kwa moja kwa Sultani huku kanzu yamchuruzika, na jioni ile ile mpiga mbiu akapita mjini akitangaza:

"Kila aliye juu ya gurudumu, awe nani awaye, akikutana na aendaye kwa miguu na ashuke, amwamkie, amwombe njia, wala asipite mpaka apewe. Atakayevunja amri hii, chombo chake kitavunjwa!"

Asubuhi ya pili Vuai akatoka na mikate, akaitii amri. Lakini watu wa Mbanoni wana ada yao: humwombi mtu kitu kabla hujamuuliza hali yake, na ya watu wake, na ya mbuzi wake akiwa mgonjwa. Basi Vuai akashuka, akaamkia, akauliza, akaulizwa, akapewa njia, akapanda, na kabla mguu haujazungusha mara mbili akashuka tena. Alipofika kwa Sultani jua lilikuwa la utosi, na mkate ulikuwa mkavu. Sultani akauma, jino likatikisika, akapiga kelele aletwe mchukuzi.

"Ewe Vuai," akanena Sultani, "mbona waniletea matofali?"

"Maulana, mkate ulitoka motoni ukiwa laini. Umezeeka njiani, ukingoja tumalize kuamkiana."

"Hizo si habari zangu. Kesho ni Ijumaa. Kabla ya adhuhuri nataka mkate mkononi mwangu, ungali wa moto, wala amri yangu usiivunje. Ukishindwa, baiskeli yako itafuliwa misumari ya lango langu."

Waziri Mundhiri akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ya mapapai. Vuai naye alijua kwamba bila baiskeli ile hakuwa na kazi, na bila kazi hakuwa na chakula. Lakini akainama akauliza, "Maulana, na amri kesho ni ile ile? Haitaongezwa wala kupunguzwa?"

"Ni ile ile. Mimi sisemi neno leo nikalimeza kesho."

"Basi mkate utafika," akasema Vuai, akaenda zake.

Ijumaa ilipofika Vuai hakuigusa baiskeli. Aliiacha kwake, akaenda kwa miguu mpaka Njia Kuu, na hiyo ndiyo njia pekee ya mji iliyoweza kupitisha gari. Kila Ijumaa Sultani hupita hapo kwenda msikitini, amepanda gari lake jipya la farasi, na tanuri la Bi Mwanaiki liko papo hapo njiani. Watu walikuwa wamejaa tele. Gari likaja, Waziri akitembea ubavuni, mpiga mbiu mbele. Vuai akasimama katikati, akainua mkono.

"Ondoka, mwendawazimu!" akafoka Waziri.

"Nitaondoka, Bwana Waziri. Lakini namwonea huruma Maulana. Gari zuri kama hili, livunjwe leo hii?"

"Nani wa kulivunja gari langu?" akauliza Sultani.

"Amri yako, Maulana. Mimi naenda kwa miguu, na wewe u juu ya gurudumu. Tena yako ni manne."

Waziri akadai kwamba amri ile ni ya baiskeli tu. Sultani akamwita mpiga mbiu, akamwamuru aisome tena, na yule maskini akaisoma, na alipofika kwenye "awe nani awaye" akaisema polepole mno. Sultani akalitazama gari lake, akawatazama watu, kisha akashuka.

"Hujambo, Vuai," akasema.

"Sijambo, Maulana. Watu wa nyumbani?"

"Wazima."

"Na jino?"

Sultani akauma mdomo asicheke. "Latikisika. Nipe njia."

Vuai akampa. Na wa pili akampa, na wa tatu, kila mmoja baada ya habari zake, na gari likivutwa nyuma tupu, mpaka wakafika mbele ya tanuri. Bi Mwanaiki alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, unga mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, Bibi," akasema Sultani.

"Marahaba, mwanangu. Njia nitakupa, lakini sikia kwanza. Hawa wa baiskeli wamenimwagia uji mara tatu. Na hawa wa miguu wanakaa hapa mlangoni pangu kama wamezaliwa hapa. Hukumu yako haikumfaa hata mmoja."

Bibi alipokuwa akisema hayo, Vuai, aliyewafuata nyuma, akatia mkono tanurini, akatoa mkate, akapiga hatua mbili, akauweka mkononi mwa Sultani. Mvuke ulikuwa bado ukipanda.

"Maulana, adhuhuri bado. Mkate u mkononi mwako, ni wa moto, na amri haikuvunjwa."

Sultani akautazama mkate, akamtazama Vuai, kisha akacheka hata kilemba kikalegea. Akala wote, amesimama njiani. Akatangaza kwamba baiskeli ya Vuai haiguswi, na kwamba kuanzia kesho mbiu itapigwa nyingine: penye njia nyembamba gurudumu liende mwendo wa mguu, kengele ilie kabla ya kona, na wenye mazungumzo wakae barazani. Watu wakashangilia, isipokuwa Waziri. Kisha Sultani akajifuta makombo, akaweka mguu garini.

"Unakwenda wapi, mwanangu?" akauliza Bi Mwanaiki.

"Msikitini, Bibi. Si mmenipa njia?"

"Sisi tumekupa. Lakini tazama huko mbele, mji mzima unakwenda kuswali kwa miguu. Na mbiu mpya umesema ni kesho."

Basi Sultani akaushusha mguu, akaenda msikitini akitembea pamoja na watu wake, na hekaya yangu nayo imefika ilikokuwa ikienda.